Mji Alioukataa Mama

"Mama, kitendawili."

Mama hakusema tega. Alikuwa amelala chali, macho wazi, anatazama dari kama mtu anayejaribu kusoma tangazo lililobandikwa mbali. Upande wa kulia wa uso wake ulikuwa umeshuka, mfano wa pazia lililochomoka kulabu moja. Wino akamwinamia mpaka nywele zake zikagusa shuka.

"Kile cha wiki iliyopita, mama. Ninaye mtu wangu: nikimwita haji, nikinyamaza huyo kaja. Jibu lake nini? Usiseme. Nitataja moja moja, ukilisikia finya mkono wangu."

Akataja kivuli. Akataja paka. Akataja mvua, mgeni, usafiri, mpaka akaanza kutaja vitu visivyo na kichwa wala miguu. Mkono wa kushoto wa mama, ule ambao daktari alisema bado una uhai, ulikaa ndani ya mkono wake kama kitambaa kilichosahaulika kambani.

"Mwache apumue, mwanangu," alisema mama mdogo, ambaye alikuwa amekaa upande wa pili wa kitanda akipasua chungwa ambalo hakuna aliyeliomba. Alikuwa mdogo wa mama wa tumbo moja, na tangu dada yake aletwe wodini hakuwa amebanduka pale. "Daktari kasema nini? Kasema huenda anasikia, huenda hasikii. Tungoje."

"Leo ni Jumamosi, mama mdogo. Mimi sina pa kungojea."

"Hizo katuni zako zitakuja kukuzika."

Wino alichukua mkoba wenye tableti, mabango na kitambaa cha meza, akambusu mama kwenye paji la uso, akatoka.

Wino si jina alilopewa na wazazi. Alibandikwa shuleni, kwa ajili ya vidole vyake vilivyokuwa vyeusi kutwa, na kola, na siku moja hata ulimi. Siku hizi anachora kwa kalamu isiyo na tone la wino, juu ya kioo cha tableti, lakini jina lilishaganda, na mama mwenyewe alikuwa akimwita hivyo hivyo. Kazi yake ni katuni moja ya mtandaoni. Hana gazeti nyuma yake, hana kampuni wala msaidizi. Yeye ndiye mwandishi, mchoraji, mtia rangi na mjibu lawama. Kila Jumamosi, jua likizama, ukurasa mpya unatoka. Ametoa akiwa na homa, ametoa umeme ukiwa umekatika, amekaa kinyozini akichaji tableti huku watu wakinyolewa pembeni. Hajawahi kuruka Jumamosi hata moja.

Katuni yenyewe inamhusu dobi mmoja, mzee wa kibanda na pasi ya mkaa. Watu wanamletea nguo, naye anakuta mambo mifukoni: ufunguo usio wa nyumba ya mwenye suruali, jino la mtoto, karanga zilizoota. Dobi anajua siri za mtaa mzima, na hawezi kuzisema, na hawezi kunyamaza. Basi anatega vitendawili. Ukurasa unakwisha mteja amesimama mlangoni kaduwaa, na hapo wasomaji wanaingia: tega, tega, tega, mamia kwa mamia, wanabahatisha wiki nzima. Wakishindwa wanatoa mji, kama ilivyo ada ya mchezo. Jumamosi inayofuata dobi anatoa jibu.

Vitendawili vyote vilikuwa vya mama. Na miji yote ilikuwa ya mama.

Hapo ndipo palipokuwa na raha yake. Mama akiwa jikoni, Wino akimsomea: huyu anakupa mji wenye reli. Mama anauliza, una maji? Hajasema. Muulize, mimi siwezi kutawala watu wenye kiu. Mji wa kwanza aliukataa siku zote, hata ungekuwa wa dhahabu, ananyoosha kidole cha shahada na kukipunga taratibu, hapana. "Nimepewa mji hauna hata duka la chumvi. Mimi nitakwenda kufanya nini huko, kulamba mawe?" Wasomaji wakapenda kukataliwa. Walishindana kumtengenezea mji atakaoukubali.

Ila kulikuwa na sharti moja, na sharti hilo ndilo lililomfikisha Wino hapa. Mama hakumwambia jibu kabla ya wakati. Zamani, katuni ilipoanza, alimpa kitendawili pamoja na jibu lake, na jibu lilikuwa yai. Wino akachora ukurasa vizuri tu, hakutaja kitu. Lakini jua alilolichora likawa na umbo la yai, kichwa cha mteja kikawa yai, hata jiwe la mlangoni. Wasomaji wakalipata mara moja, mama akakosa mji. Alinuna siku hiyo, kununa kwa kweli. "Wewe mdomo wako unafunga, mkono wako haufungi. Kuanzia leo jibu utalisikia siku ya kulichora." Na ikawa hivyo. Kila Jumamosi asubuhi mama anakuja na kikombe cha chai, anaangalia huku na huku kana kwamba kuta zina masikio, anamnong'oneza. Wino anacheka, anachora.

Jumamosi hii asubuhi hapakuwa na chai.

Ilikuwa katikati ya wiki mama alipoanguka. Wino alikuwa chumbani anamalizia kadi za harusi za duka la uchapaji, kazi inayomlisha yeye na dobi wake, vizibo vya muziki masikioni. Kilichomtoa ni harufu ya sufuria kuungua. Akamkuta mama chini karibu na sinki, kijiko bado mkononi, ametulia tuli.

Aliita au hakuita, Wino hajui. Na kwa kuwa hajui, kitendawili kimemgeuka. Anakirudia kichwani, njiani, bafuni: ninaye mtu wangu, nikimwita haji, nikinyamaza huyo kaja. Mama alikitoa kabla ya kuanguka, ni kweli. Lakini ni mara ngapi mama alikuwa amemwita kabla ya siku ile, njoo ule, njoo unishikie hiki, njoo tu tukae, naye akajibu naja, naja, asije? Kadiri alivyozidi kutafuta jibu lingine, ndivyo hilo moja lilivyozidi kumkodolea macho. Jibu ni yeye. Mama alimtegea yeye, mbele ya watu wote, na sasa hawezi tena kumwambia siyo.

Hicho ndicho alichokwenda kumwomba mama pale kitandani. Kusikia kwamba si yeye.

*

Ukumbi wa maonyesho ya wachora katuni ulikuwa umejaa watu na jasho. Wino alitandika kitambaa, akapanga mabango, akajibandika tabasamu. Meza ya jirani ilikuwa ya jamaa mmoja mnene wanayemwita Stika, kwa kuwa ndizo anazochora na kuuza.

"Uso gani huo?" Stika aliuliza. "Umekaa kama umekuja kuhani msiba."

"Sijalala."

"Nani kalala humu? Mimi nimetoka kukata stika sasa hivi. Mkasi umeniota kidoleni." Kisha akamwangalia vizuri, akashusha sauti. "Mama vipi?"

"Yule yule."

Stika hakusema pole, na Wino akamshukuru kimoyomoyo. Alimsogezea tu chupa ya maji na kiti chenye mgongo mzima, akachukua kile kilichovunjika.

Watu wakaanza kuja. Wote walikuwa na jibu. Kijana mwenye miwani alisema ni fundi bomba: ukimwita haji, ukishakata tamaa ukaziba kwa tambara, huyo yuko mlangoni. Mzee mmoja alisema ni pensheni. Mwanadada aliyevaa fulana yenye picha ya dobi alisema ni chafya, na mwenzake akamcheka mpaka akageuka nyuma. Wino alitikisa kichwa kwa kila mmoja, anasaini, anasema subirini saa ya jukwaa. Maana alishatangaza, tangu mwezi uliopita, wakati ambapo dunia ilikuwa imekaa sawa, kwamba safari hii jibu litatolewa palepale ukumbini, mbele za watu, kisha ukurasa utatoka jioni.

Simu ikalia. Bosi wa duka la uchapaji.

"Wino, bibi harusi analalamika. Anasema ua la kwenye kadi limekaa kama kabichi."

"Bosi, mama yangu yuko hospitali."

"Najua, pole sana, Mungu amsaidie. Lakini kabichi, Wino. Harusi nzima inakula kabichi. Naipata lini?"

"Leo," alisema, kwa sababu neno leo lilikuwa limeshazoea kumtoka, likamtoka lenyewe.

Alifungua tableti chini ya meza ajaribu kulifanya lile kabichi liwe waridi. Kila petali ikatoka na meno. Akafuta. Akafungua ukurasa wa dobi: fremu nne, tatu zimechorwa, ya nne tupu. Ndani ya ile tupu kulikuwa na puto la maneno lisilo na neno. Alilitazama mpaka likaanza kumtazama.

"Samahani, mwanangu."

Alikuwa mama wa makamo, kapu kwapani, amesimama kwa adabu kama aliyekuja kuazima kitu. "Mimi huwa siandiki huko mtandaoni, nasoma tu. Nimekuja nikwambie jibu langu. Mimi nasema ni mtoto."

Wino akaigeuza tableti kifudifudi.

"Wa kwangu ndivyo alivyo," yule mama aliendelea, anacheka. "Nikimwita, naja, naja, mpaka kunakucha. Nikinyamaza kimya anatoka mbio, mama vipi, mbona kimya? Nimepata, sijapata?"

"Subiri jukwaani, mama," Wino alisema. Hakujua sauti ilitokea wapi.

Alijiinua, akaenda nyuma ya pazia panapowekwa viti vya ziada, akachuchumaa kati ya viti, akajiziba mdomo kwa kitambaa cha meza ya mtu. Alilia bila sauti, kilio kinachouma mbavu. Stika alikuja akasimama upande wa nje wa pazia, amelielekezea mgongo, kama mlinzi.

"Usipande," alisema bila kugeuka. "Nitawaambia unaumwa."

"Na jioni, ukurasa ukitoka, nitasema nini?"

"Sijui. Sema chochote. Tunga jibu. Sema ni paka, nani atakubishia?"

"Mama atanibishia."

Mshereheshaji alikuwa ameshalitaja jina la Wino kwenye kipaza sauti, na ukumbi mzima unapiga makofi kwa mpigo mmoja.

Jukwaa lilikuwa meza zilizounganishwa, zulia juu, nalo linayumba ukikanyaga ukingoni. Wino akapanda. Akaona nyuso nyingi zimeinuliwa, simu zimeshikwa juu. Wakaimba kwa pamoja, toa, toa, toa.

"Sina," alisema.

Wakacheka. Walidhani ni maneno ya dobi.

"Sina jibu. Vitendawili si vyangu, ni vya mama. Huwa haniambii mpaka siku yenyewe. Wiki hii kaanguka, hawezi kusema. Mimi sijui jibu kama nyinyi msivyojua. Nimeshindwa pamoja nanyi. Sasa sheria mnaijua. Tukishindwa, tunampa mji. Nipeni mji nimpelekee, akiupokea itabidi ajibu."

Sauti moja huko nyuma ikajibu: "Mpe mji wenye maji yasiyokatika." Mwingine: "Na soko lenye kivuli." Mwingine: "Usio na foleni." Mwingine: "Mweke na kinyozi." Wakaujenga palepale, mtaa kwa mtaa, wakauwekea hata mto na daraja, na dobi pembeni ya daraja. Yule mama wa kapu alitaka uwe na chumvi, duka zima la chumvi, na hapo baadhi ya watu wakafuta macho. Wino alishuka ameushika kichwani mji mzima, kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa pomoni, anaogopa usimwagike.

"Nenda," Stika alisema. "Meza yako naiangalia. Kabichi nalo nitumie, maua nayaweza."

*

Ilikuwa saa ya kuona wagonjwa. Jua la jioni liliingia dirishani likalala kwenye miguu ya mama. Mama mdogo alikuwa anasinzia, ganda la chungwa mapajani.

Wino alivuta kiti. Alimpa mama ule mji, bila haraka, kitu kwa kitu. Maji yasiyokatika. Soko lenye kivuli. Mto. Daraja. Duka la chumvi. Akangoja.

Mama alitazama dari.

Akamweleza tena. Safari hii alisimama baada ya kila kitu, apate nafasi ya kukataa. Muuguzi alipita, akaangalia chupa ya dripu, akaandika, akaondoka. Mkono ulikuwa kitambaa kilekile.

Hapo moyo wa Wino ukachoka. Haukuvunjika, ulichoka tu, kama punda anayekaa njiani na mzigo wake. Huo ulikuwa mji mzuri kuliko yote aliyowahi kuipeleka, na mama hata hakuukataa. Aliona kwamba mama amekwishaondoka, na kwamba aliondoka na jibu mkononi, na kwamba jibu lilikuwa yeye.

"Haya," alisema, sauti imekauka. "Miji ya watu huitaki. Chukua wangu basi, ndio uliobaki. Una chumba kimoja. Una meza na taa inayowaka kutwa kucha. Hauna soko, maana hakuna anayetoka. Chai inapoa. Maji yapo lakini hakuna mwenye nafasi ya kuyanywa. Watu wake ni mmoja, na huyo mmoja halali, na ukimwita haji. Chukua, mama. Utautawala peke yako."

Akalaza paji la uso kwenye ukingo wa godoro.

Kitu kikamgusa nywele. Alidhani ni mama mdogo. Akainua kichwa.

Kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kilikuwa kimenyooka. Kilitetemeka, kikaelekea upande, kikarudi, kikaelekea upande tena. Taratibu. Hapana.

Macho ya mama hayakuwa darini. Yalikuwa kwake, na yalikuwa makali.

"Mama mdogo," Wino aliita kwa sauti ndogo. "Mama mdogo, amka. Kaukataa."

"Kakataa nini?"

"Mji wangu. Kaukataa."

Mkono wa mama ukaanza safari ndefu. Ukapanda kifuani, ukapumzika, ukapanda tena, mpaka kiganja kikafika shavuni. Akauegemeza uso hapo na kufumba macho.

"Anataka kulala," Wino alisema, akainuka mara moja. "Sawa mama, lala, ngoja nishushe kitanda..."

Mama akasonya.

Ulikuwa msonyo mbovu, wa upande mmoja wa mdomo, umetoka na mate. Lakini ulikuwa msonyo. Mama mdogo aliangusha maganda yote sakafuni. "Huyo dada yangu," alisema, anacheka na kulia kwa pamoja. "Huo msonyo nimeupata tangu naota meno. Umesema kitu cha kijinga, wewe. Kaa chini."

Wino akakaa. Mama alifumbua macho, akamnyooshea kidole, yeye, Wino. Kisha kiganja kikarudi shavuni.

Yeye. Kiganja shavuni. Yeye.

"Ninaye mtu wangu," Wino alinong'ona. "Nikimwita haji. Nikinyamaza..." Akasita. Siku zote hizi alikuwa amekitafuta kwenye orodha ya vitu vyote duniani, isipokuwa kimoja alichokwishasahau kwamba kipo. "Usingizi."

Mama alifumba macho mara moja, akafumbua. Kisha akamwangalia mwanawe kuanzia kwenye macho mekundu mpaka kwenye vidole vinavyotetemeka, kama alivyokuwa akimwangalia kila asubuhi akimletea chai, na Wino akaelewa kwamba kitendawili kilikuwa kimetegwa kwa ajili yake kweli, lakini siyo alivyodhani.

Alilia kidogo, akajipangusa, na mkono wake, kwa mazoea, ukaenda kwenye mkoba. Jua lilikuwa bado halijazama. Fremu moja tu: dobi, kiganja shavuni. Angeweza. Alitoa tableti, akaitoa kalamu, akaanza mstari wa kwanza wa bega.

Mkono wa mama ukaja juu ya kioo ukaishika kalamu.

"Mama, dakika chache tu."

Hakuachia. Wino akavuta kidogo, mama naye akavuta. Hazikuwa nguvu za kutisha. Angetaka angevibandua vidole kimoja kimoja. Alivitazama vidole vile, ambavyo tangu asubuhi alikuwa anaviomba vifinye, na sasa vimefinya.

Akaiachia kalamu.

"Na wale watu wako?" mama mdogo aliuliza. "Si ulisema wanangoja?"

Wino alichukua simu, akamtumia Stika ujumbe wa sauti. "Waambie watu hakuna ukurasa leo. Mama kaukataa mji. Walete mwingine."

Akaizima simu akaiweka chini ya kitanda, mbali na mkono. Akavua viatu. Akalaza kichwa kwenye ukingo wa godoro, kiganja chini ya shavu, akanyamaza.